Mchwa wa Eugène Marais waliosafiri hadi Ulaya

Mwezi Mei mwaka 2025, mahakama iliyoko katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta mjini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12 jela, kwa kosa la kupatikana na sisimizi. Wawili kati yao walikuwa vijana wa Kibelgiji wenye umri wa miaka 19, waliokamatwa huko Naivasha wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, wakiwemo malkia, waliowekwa ndani ya mirija midogo yenye pamba. Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilisema wadudu hao walikusudiwa masoko ya Ulaya na Asia.

Wengi walicheka waliposikia habari hiyo. Nani anunue sisimizi, wakati jikoni wanaingia bila kualikwa? Lakini wanunuzi wapo, tena wengi. Katika miji mikubwa ya Ulaya, Marekani na Asia kuna watu wanaofuga sisimizi, vunjajungu, mbawakawa, nge na buibui wakubwa ndani ya masanduku ya vioo, wakawazalisha, wakabadilishana na kuuziana, kama vile wengine wanavyofuga njiwa. Johannesburg nayo ina wafugaji wa aina hiyo. Afrika Kusini ilitunga sheria ya bayoanuwai mwaka 2004, na kanuni zilizotolewa mwaka 2007 ziliwaweka aina kadhaa za nge na buibui wakubwa katika orodha ya viumbe wasioruhusiwa kukamatwa wala kuuzwa bila kibali. (Wanasayansi watatukumbusha kwamba nge na buibui si wadudu hasa, maana wana miguu 8. Sisi wengine tunawaita wadudu tu.)

Karibu karne moja kabla ya kesi ya Nairobi, gazeti la The Star la Johannesburg lilishughulikia kisa kingine cha wadudu wa Afrika waliofika mikononi mwa Mbelgiji. Safari hiyo hawakubebwa ndani ya mirija, bali kwenye karatasi. Mwenye wadudu hao aliitwa Eugène Marais, na ingawa nchini kwake kila mtoto wa shule ya Kiafrikana amewahi kulisikia jina hilo, wasomaji wetu wengi wa Afrika Mashariki hawajapata kumjua.

Eugène Nielen Marais alizaliwa tarehe 9 Januari mwaka 1871 mjini Pretoria, wakati huo makao makuu ya jamhuri ya Makaburu ya Transvaal. Alikuwa kitinda mimba katika familia kubwa. Johannesburg haikuwepo bado: dhahabu ya Witwatersrand iligunduliwa mwaka 1886, yeye akiwa na umri wa miaka 15. Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyu anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa fasihi ya Kiafrikana alisomeshwa zaidi kwa Kiingereza, na mashairi yake ya kwanza aliyaandika kwa Kiingereza.

Alianza kazi kama karani katika ofisi ya wakili, kisha akaingia kwenye uandishi wa habari. Akiwa hajatimiza hata miaka 20 alikabidhiwa uhariri wa gazeti la Land en Volk la Pretoria, na muda si mrefu akawa mmiliki wake. Kalamu yake ilikuwa kali. Rais Paul Kruger, ambaye Makaburu wengi walimheshimu kama baba, alishambuliwa kwenye gazeti hilo wiki baada ya wiki kwa ufisadi na upendeleo wa serikali yake. Marais alipigwa marufuku kukaa kwenye viti vya waandishi bungeni, na hatimaye akashitakiwa kwa uhaini, lakini mahakama ikamwona hana hatia.

Hata katika siku hizo za vurugu za siasa, alijulikana kwa tabia moja ambayo majirani waliiona ni ya ajabu: kufuga viumbe ambavyo watu wa kawaida huviua. Alikuwa na nyoka, nge na nyani waliozoea mikono yake. Hakuwa na digrii ya sayansi, wala hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Ilikuwa ni mapenzi tu.

Mwaka 1894 alimwoa Aletta Beyers. Ndoa hiyo haikufikisha mwaka. Mwezi Julai mwaka 1895, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kiume, Aletta alifariki dunia kwa homa ya uzazi. Marais hakuoa tena, na mtoto huyo alibakia kuwa mwanawe pekee. Wakati huo alikuwa tayari ameanza kutumia mofini, dawa ya kutuliza maumivu ambayo katika zama hizo ilipatikana kirahisi kwenye maduka ya dawa. Baada ya msiba huo mofini ilimshika, na haikumwachia mpaka siku yake ya mwisho. Kila anayesimulia maisha ya Marais hulazimika kulirudia jambo hili, kwa sababu miaka yake mizuri na miaka yake mibaya ilipimwa kwa dawa hiyo.

Mwaka 1897 alikwenda London. Alitaka kusomea udaktari, lakini marafiki zake wakamshawishi achukue sheria, akajiunga na chuo cha mawakili cha Inner Temple na kuhitimu. Vita kati ya Waingereza na Makaburu vilipozuka mwaka 1899 alikuwa bado Uingereza, akahesabiwa kuwa raia wa adui na kuwekwa chini ya uangalizi. Vita vilipokaribia kwisha alijiunga na msafara wa Wajerumani uliojaribu kuwapelekea Makaburu risasi na dawa kupitia Msumbiji, iliyokuwa koloni la Wareno. Malaria ilimwangusha njiani, na kabla mizigo haijafika, vita vikamalizika mwaka 1902.

Alirudi kwenye nchi iliyochomwa moto. Mashamba yalikuwa majivu, maelfu ya wanawake na watoto walikuwa wamekufa katika kambi za Waingereza, Makaburu na Waafrika weusi vilevile, ingawa hawa wa pili kwa muda mrefu hawakutajwa. Mwaka 1905 Marais aliandika shairi fupi kuhusu usiku wa baridi katika nyika, nalo likaja kuhesabiwa na wahakiki kuwa mwanzo wa ushairi halisi wa Kiafrikana. Kwa wengi hapo ndipo sifa yake inapoanzia na kuishia. Sisi tunamfuata kwingine.

Katika miaka iliyofuata alijitenga na mji na kwenda kuishi katika milima ya Waterberg, kaskazini mwa Transvaal, eneo ambalo leo liko katika mkoa wa Limpopo. Huko alikuwa wakili, hakimu mdogo, mganga wa wakulima walioishi mbali na daktari, na zaidi ya yote, mtazamaji. Alikaa karibu na kundi la nyani akawachunguza kwa muda mrefu mpaka wakamzoea. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida, kwani tumesikia habari za watafiti wa sokwe wa Gombe kule Kigoma, kazi ambayo Jane Goodall aliianza mwaka 1960. Lakini Marais alifanya hivyo nusu karne kabla, wakati wataalamu wengi waliwachunguza nyani wakiwa wamekufa au wamefungwa kizimbani.

Alifanya majaribio ya kuzalisha pia. Moja lililosimuliwa sana ni la ndege aina ya mnana, wale wanaofuma viota vyao kwa nyasi. Kwa maelezo yake, aliwatotoa chini ya ndege wa aina nyingine kwa vizazi vinne, bila hata mmoja kuona jani la kufumia wala kiota cha wazazi wake. Kizazi cha mwisho kilipopewa vifaa, kikafuma kiota kile kile chenye fundo lile lile. Swali lililomsumbua Marais lilikuwa ni hili: kiumbe huzaliwa akijua nini, na hujifunza nini?

Swali hilo hilo ndilo lililompeleka kwenye vichuguu.

Msomaji aliyekulia magharibi mwa Kenya au Uganda hahitaji kuelezwa mchwa ni nini. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kama moshi, na watoto hukimbilia vichuguu na ndoo. Wazee wa huko walijua kitambo kwamba ukifunika kichuguu na kukipigia ngoma kama matone ya mvua, kumbikumbi hudanganyika wakatoka. Sokoni huuzwa kwa kipimo, wabichi au waliokaangwa, na yeyote aliyehamia London au Dubai anajua kwamba ladha ile haipatikani dukani. Tunaweza kusema basi kwamba biashara ya wadudu kwetu si ngeni, tofauti ni kwamba sisi tunakula bidhaa yetu siku hiyo hiyo.

Marais alikaa mbele ya vichuguu hivyo kwa takriban miaka 10. Alivichimba, alivipasua nusu, alifuatia njia za chini ya ardhi ili aone mchwa wanatoa wapi maji wakati wa ukame uliokausha hata visima vya watu. Alitazama kumbikumbi jike anavyotua baada ya kuruka, anavyokatua mbawa zake kwa mkupuo mmoja, kisha akapanda juu ya jani, akainua sehemu ya nyuma ya mwili na kutulia tuli, akimwita dume kwa ishara ambayo binadamu haioni wala kuisikia. Akagundua jambo dogo lakini zito: jike aliyezuiliwa kuruka, hata kama ni umbali wa hatua moja, hakati mbawa wala haiti dume. Kuruka ndiko kunakofungua mlango unaofuata. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, yote yaliyobaki hayatokei.

Pia alipata njia ya kufungua chumba cha malkia na kumtazama akiwa hai. Malkia wa mchwa ni kiumbe wa kusikitisha kidogo. Yule jike mwepesi aliyeruka na mbawa hugeuka kuwa mfuko mkubwa mweupe usioweza kutembea, akafungiwa katika chumba cha udongo mgumu, akilishwa na kusafishwa na watumishi wake, na kutaga maelfu ya mayai kila siku kwa miaka mingi. Siku moja, Marais anaeleza, kipande cha udongo kilidondoka kutoka darini kikampiga malkia. Watumishi waliokuwa karibu walivurugika, na hilo si ajabu. Kilichomshangaza ni kwamba alipokwenda kuangalia sehemu za mbali za kichuguu, alikuta kazi imesimama huko pia, na ilichukua saa nyingi kabla ya mambo kurejea.

Kutokana na mambo ya aina hii alijenga wazo lake kuu. Alisema kichuguu si mji wenye wakazi, kama watu walivyozoea kukifananisha. Kichuguu ni mnyama mmoja. Udongo wa nje ni ngozi yake. Mchwa wafanyakazi, wasio na macho, wanaopita usiku na mchana kwenye njia zake, ni kama chembe nyekundu za damu. Askari wanaokimbilia kwenye tundu lililobomolewa ni kama chembe nyeupe zinazokimbilia kwenye kidonda. Bustani za ukungu zilizoko ndani, ambako majani makavu hugeuzwa kuwa chakula, ni tumbo lake. Na malkia katika chumba chake kigumu ni ubongo ndani ya fuvu. Mnyama huyo amepungukiwa na kitu kimoja tu, yaani uwezo wa kusogea.

Ikumbukwe kwamba wazo la kulitazama kundi la wadudu kama kiumbe kimoja lilikuwa limeshaguswa na wengine. Mmarekani William Morton Wheeler alichapisha insha mashuhuri kuhusu kundi la sisimizi kama kiumbe mwaka 1911. Lakini hakuna aliyekuwa amempasua mchwa wa Afrika namna hii, kiungo kwa kiungo, kwa ushahidi wa miaka 10 ya kukaa porini.

Marais aliandika haya yote kwa Kiafrikana. Makala zake zilianza kutoka mwaka 1923 katika gazeti la Die Burger la Cape Town, na nyingine zikafuata kuanzia mwaka 1925 katika jarida la Die Huisgenoot, lililosomwa na familia za Makaburu mashambani. Hapa ni lazima tusimame kidogo. Angeweza kuandika kwa Kiingereza bila taabu yoyote, na kwa Kiingereza angesomwa London na New York. Aliamua kuandika kwa lugha ambayo mpaka mwaka huo wa 1925 haikuwa hata lugha rasmi ya nchi yake, lugha ambayo watu wenye elimu waliidharau wakisema ni Kiholanzi cha jikoni. Alitaka wakulima wale wasome sayansi kwa maneno ya nyumbani kwao. Wasomaji wa Kiswahili wataelewa uamuzi huo, na wataelewa pia gharama yake.

Gharama ilikuja mwaka 1926. Mwaka huo Maurice Maeterlinck alitoa mjini Paris kitabu kuhusu maisha ya mchwa. Maeterlinck hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Mbelgiji wa Ghent aliyeandika kwa Kifaransa, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1911, na kitabu chake cha mwaka 1901 kuhusu maisha ya nyuki kilikuwa kimesomwa dunia nzima. Nyuki alikuwa amewafuga yeye mwenyewe. Mchwa ni jambo jingine: hakuwahi kukaa mbele ya kichuguu cha Afrika. Hata hivyo kitabu chake kilikuwa na kichuguu kinachoelezwa kama kiumbe kimoja kwa namna iliyofanana mno na ile ya Marais. Ghent ni mji wa Waflemi, na anayesoma Kiflemi hapati shida kubwa kuelewa Kiafrikana, kwani lugha hizo mbili ni watoto wa tumbo moja la Kiholanzi.

Afrika Kusini ilichemka. The Star la Johannesburg, gazeti la Kiingereza ambalo halikuwa na sababu yoyote ya kuwapendelea Makaburu, lilichapisha sehemu zilizodaiwa kunakiliwa ili wasomaji wajionee. Marais mwenyewe alidai kwamba Mbelgiji huyo alichukua hata istilahi za Kilatini alizozibuni yeye Marais, akidhani ni maneno yanayotumiwa na wataalamu wote. Wachapishaji walimhimiza afungue kesi Ulaya. Alikuwa wakili, alijua kesi ya namna hiyo inahitaji nini, na alijua mfukoni mwake hamna. Kesi haikufunguliwa. Maeterlinck hakujibu kitu, akaendelea kuandika, mwaka 1930 akatoa kitabu kingine kuhusu sisimizi, na alipofariki dunia huko Nice mwaka 1949 alikuwa bado mtu mashuhuri.

Kwa kuwa hakuna mahakama iliyoamua, wapo wanaosema shutuma hizo zilitiwa chumvi na wazalendo wa Kikaburu waliohitaji shujaa aliyeonewa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini wataalamu wa mchwa wa zama zetu waliolitazama suala hili wamekuwa wakimhukumu Maeterlinck zaidi ya Marais, na mwandishi wa makala hii naye anaona hivyo. Mtu anaweza kufikia wazo moja na mwenzake bila kumwibia. Kufikia wazo hilo kwa mifano ile ile na maneno yale yale ni jambo zito zaidi kulieleza.

Na bado kuna upande mwingine wa mizani ambao wasimulizi wa Kikaburu waliupita haraka. Mwaka 1927, katikati ya mzozo huo, Marais alichapisha kitabu kidogo cha hadithi kiitwacho Dwaalstories. Hadithi hizo ni miongoni mwa maandishi bora kabisa ya Kiafrikana, na hazikuwa zake. Alizisikia kutoka kwa mzee wa Kisan aliyeitwa Hendrik, mtu wa kutangatanga aliyekuwa akifika katika mashamba ya Waterberg, na alimtaja kwenye utangulizi. Hilo tumpe, maana Maeterlinck hakufanya hata hilo. Lakini jina lililoko kwenye jalada ni la Marais, na kuhusu Hendrik hatuna zaidi ya jina moja alilopewa na Wazungu. Lugha ya Kiafrikana nayo, ile iliyodharauliwa mwaka 1925, baadaye ikawa lugha ya watawala wa ubaguzi wa rangi, na tarehe 16 Juni mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto, pembezoni mwa Johannesburg, waliuawa wakiandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha hiyo. Marais alikuwa amekufa zamani. Ila anayesoma habari zake leo hawezi kujifanya hakuyaona hayo.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kuhamahama. Aliishi kwa marafiki, Pretoria na katika miji midogo ya jirani, akiandika pale mofini ilipomruhusu. Mwaka 1934 makala zake za mchwa zilikusanywa kuwa kitabu, Die Siel van die Mier, yaani roho ya mchwa. Mwaka uliofuata alianza kuandikiana barua na Winifred de Kok, mwanamke wa asili ya Afrika Kusini aliyeishi Uingereza na ambaye alitaka kukitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza. Marais alifurahi sana. Hatimaye dunia ile ile iliyomsoma Maeterlinck ingemsoma yeye.

Hakuiona siku hiyo. Tarehe 29 Machi mwaka 1936, akiwa shambani Pelindaba, nje kidogo ya Pretoria, baada ya kukosa mofini kwa siku kadhaa, aliazima bunduki kwa jirani akisema anataka kuua nyoka. Mtu aliyekuwa ameishi na nyoka ujana wake wote. Alijiua kwa bunduki hiyo, akiwa na umri wa miaka 65. Alizikwa Pretoria, pamoja na Aletta aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 40.

Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1937. Vitabu vyake kuhusu nyani navyo vilichapishwa baada yake, na kimoja kilikaa muda mrefu mpaka watu wakadhani kimepotea. Aliyesaidia kukitoa ni Robert Ardrey, mwandishi wa tamthilia wa Kimarekani. Ardrey alifika Johannesburg mwaka 1955 kumwona Profesa Raymond Dart wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, aliyekuwa amechunguza mabaki ya binadamu wa kale, na ziara hiyo ikamgeuza kuwa mwandishi wa sayansi. Kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu asili ya binadamu barani Afrika alikitunuku kwa kumbukumbu ya Marais. Muswada wa nyani ulipopatikana, ulichapishwa mwaka 1969 na utangulizi wa Ardrey. Mwaka 1977 Athol Fugard, mwandishi mkubwa wa tamthilia wa Afrika Kusini aliyefariki dunia mwezi Machi mwaka 2025, aliigiza mwenyewe nafasi ya Marais katika filamu kuhusu kipindi ambacho marafiki walimpeleka shambani ili kumwachisha mofini.

Sayansi imemtendea vipi? Nusu kwa nusu. Jaribio lake maarufu kuliko yote, la kukigawa kichuguu katikati kwa bamba la chuma na kukuta mchwa wa pande zote mbili wanajenga matao yanayolingana huku malkia akiwaongoza kutoka mbali, halijapata kuthibitishwa na watafiti waliokuja baadaye. Mwaka 1959 Mfaransa Pierre-Paul Grassé alionyesha njia nyingine: mchwa hawahitaji ubongo wa kuwaamuru, kwa sababu kila donge la udongo lililowekwa na mmoja, pamoja na harufu yake, ndilo linalomwambia mwingine aweke la kwake wapi. Malkia basi si ubongo kwa maana aliyoifikiria Marais. Lakini kwamba kundi zima lichunguzwe kama mwili mmoja, unaopumua, unaotunza joto lake na kuponya majeraha yake, hilo limerudi kwa nguvu, na mwaka 2009 wataalamu wawili wakubwa wa sisimizi, Bert Hölldobler na Edward Wilson, walitoa kitabu kizima juu yake. Hata wajenzi walijifunza hapo: jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, hupitisha hewa kwa namna iliyoigwa kutoka kwenye vichuguu. Na mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walitangaza kwamba vichuguu fulani vya Namaqualand, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, vimekaliwa na mchwa kwa miaka ipatayo 34,000.

Waterberg kwenyewe jina lake limebaki kwenye mmea. Katika milima ile huota aina ya saikadi, mmea wa kale sana unaofanana na mnazi mfupi wenye majani magumu ya buluu-kijani, ambao kwa Kilatini huitwa Encephalartos eugene-maraisii. Mche mmoja huchukua miaka mingi sana kukua. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini unakataza kuuza saikadi za porini za jamii hiyo, na mmea huu umo kwenye orodha ya spishi zinazokabiliwa na hatari ya kutoweka. Sababu mojawapo ni wezi wanaoing'oa usiku na kuwauzia wapenzi wa bustani.